Bega la Ndege

Nimefundisha chekechea miaka mingi, na jambo la kwanza ninalowafundisha watoto, kabla ya herufi na kabla ya namba, ni mkono wa kulia chakula. Maandazi yakiletwa nasimama mbele yao natazama vile vikono. Akitokea anayenyoosha wa kushoto, nauliza tu, "Mkono gani huo?" na darasa zima linampigia kelele kabla hajajitetea. Nilikuwa naipenda sana kelele ile.

Kijijini kwetu, upande wa Mbuchi, mtu akitaka kujua nyumba fulani ina malezi au haina, hatazami bati wala mapazia. Anatazama watoto wanavyokula kwenye sinia. Mimi ni mwanamke niliyeachwa, nikabaki na binti mmoja, na mwanamke wa namna hiyo hukaguliwa mara mbili. Kila anayepita anataka kuona kama yule mtoto asiye na baba ndani anajua kusalimia, kama anakaa vizuri, kama anakula kama watu. Kwa hiyo nyumbani kwangu palikuwa na adabu kuliko nyumbani kwa shehe. Sijisifu. Naeleza tu ili mtu aelewe nilifikaje nilikofika.

Mpunga ukianza kutia maziwa kwenye punje, nusu ya kijiji huhamia mashambani. Chekechea hufungwa, maana wanafunzi wote wamekwenda. Tunavuka maji na sufuria zetu, mikeka, ndoo ya maji ya kunywa, na tunaishi kwenye madungu, vile vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya nguzo ili maji yapite chini na sisi tulale juu. Kazi ya kutwa ni moja tu, kufukuza ndege. Wanakuja kwa makundi, wadogo, wengi, na ukigeuka kidogo kupuliza moto wameshakula kipande kizima cha shamba. Watoto wetu wanajua kombeo kabla ya kujua kusoma. Kamba mbili, kipande cha ngozi katikati, donge la udongo, unazungusha juu ya kichwa unaachia. Hivyo hivyo, tangu kunapambazuka mpaka jua linazama.

Katikati ya msimu kila mtoto analalamika bega. Sisi tunaliita bega la ndege, na hakuna anayeliogopa. Unapasha chumvi, unaifunga kwenye kitambaa, unamkanda, unampaka mafuta ya nazi, kesho anarudi shambani. Mpunga ukishavunwa mabega yote yanapona yenyewe. Mimi mwenyewe nililiugua nikiwa mdogo, na mama yangu akanikanda hivyo hivyo huku akinitania kwamba nimezeeka kabla ya kuolewa.

Basi msimu ule binti yangu, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, aliponiambia bega la kulia linauma, nilicheka.

Dungu letu lilikuwa la mwisho kabla ya mikoko. La jirani tuliliona kama moshi tu, na sauti za watu zilitufikia vipande vipande, "hooo" ya kufukuza ndege, kisha kimya. Ukiwa watu wawili mahali kama pale, mwenzako ndiye redio yako, ndiye shoga yako, ndiye mji mzima. Binti yangu alikuwa na mdomo. Alinisimulia mambo ya shule, aliigiza walimu, aliimba kaswida akikosea maneno makusudi ili nimsahihishe. Msimu ule akanyamaza. Hakununa. Alikuwa anafanya kazi yake na kunyamaza, na jioni akikaa alikuwa ameukumbatia mkono wa kulia kwa ule wa kushoto. Nilimuuliza ana nini, akasema, "Bega tu, mama." Nikamkanda. Nilipovuka kwenda kijijini kufuata unga nikapitia zahanati, na tabibu, bila hata kumwona mgonjwa, akanipa vidonge vya maumivu. "Msimu wa ndege huo," akasema, na wote wawili tukacheka.

Kisha binti yangu akaanza kula kwa kushoto.

Mara ya kwanza nilidhani amesahau, nikamtazama, akaurudisha mkono. Mara ya pili nilimpiga kwa mwiko kwenye vidole. "Nshakwambia," nikasema, "unataka watu waseme nini?" Watu gani? Palikuwa na mimi na yeye na ndege. Lakini watu wangu nilikuwa nao kichwani, nahama nao kila niendako.

Mara ya tatu tulikuwa na mgeni. Alikuwa mama mmoja wa dungu la jirani, mtu mzima, mwenye mdomo usiopumzika, aliyepita na mtumbwi adhuhuri akakuta napakua. Nilipika wali na kambale wa nazi, tukakaa watatu kwenye sinia moja. Binti yangu akanyoosha mkono wa kushoto. Mgeni akaacha kutafuna. Damu ikanipanda. Nikaukamata mkono wa kulia wa mtoto kwenye kifundo, nikauvuta kwa nguvu zangu zote mpaka kwenye wali.

Hakulia. Alitoa pumzi ndogo tu, kama mtu aliyekanyaga mwiba akiwa msikitini. Kisha akainamisha kichwa, akauleta mdomo kwenye mkono, si mkono kwenye mdomo, akala tonge moja, machozi yanadondokea kwenye wali. Mgeni akaniambia, "Hayo ndiyo malezi, mwalimu." Nikafurahi. Hilo lazima niliseme, maana ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko kuvuta kwenyewe. Nilifurahi.

Tukavuna, tukarudi kijijini. Mabega ya watoto wote yakapona kama kawaida. La mwanangu likabaki.

Akawa ananiomba nimfunge ushungi kabla ya kwenda shule. Nilisema anadeka. Mwalimu wake akaniita kunionyesha daftari: mwandiko uliokuwa wa kupendeza ulikuwa umelala chini kama mgonjwa. Nilisema amekuwa mvivu. Nilikuwa na jibu la kila kitu. Mpaka Ijumaa moja, namsaidia kuoga ili nimsuke, nikamwona mgongoni. Bega la kushoto lilikuwa bega. La kulia lilikuwa limekonda, nyama imekwisha, mfupa umejitokeza. Nikamwambia, "Inua mkono." Akauinua mpaka usawa wa kifua, ukakomea hapo, akaanza kutetemeka. Nikamwambia ashushe. Nilimaliza kumwogesha, nikamvisha nguo, nywele sikuzisuka.

Safari hii tabibu wa zahanati hakucheka. Alilibonyeza bega kwa kidole gumba, akauzungusha mkono taratibu, akaniuliza, "Usiku anaamka kwa maumivu?" Sikujua. Nilimtazama mwanangu, akatikisa kichwa kukubali. Tulilala kitanda kimoja, na sikujua.

"Mabega ya ndege yote yameshapona," tabibu akasema, akiandika karatasi ya rufaa. "Hili lina lake. Nenda Kibiti ukapige picha."

Picha ile ninaikumbuka kuliko picha ya harusi yangu. Kijana wa mionzi aliigeuza kompyuta upande wangu. Mifupa ya mwanangu ilikuwa myeupe, mizuri, na mimi mjinga nikajivunia kidogo. Kisha akaonyesha kwa kalamu pale juu, kwenye kile kichwa cha mfupa wa mkono kinachoingia begani. Kulikuwa na duara jeusi la ukubwa wa korosho, lenye ukingo mwembamba mweupe, kama vile mtu amechota mfupa kwa kijiko. Nikamuuliza ni nini. Akasema yeye anapiga picha tu, wanaosoma wapo Dar es Salaam. Lakini alilisema hilo kwa upole uliozidi, na upole wa watu wa hospitali mimi naujua maana yake.

Nilimpigia baba yake simu, ambaye siku hizi anaishi Bungu na mke wake mwingine. Tulipokuwa njiani kwenda Dar basi lilisimama pale dakika chache, akaja. Alisimama chini ya dirisha akampitishia mtoto machungwa, akamwambia, "Utapona, mwanangu." Kisha akaja upande wangu akasema kwa sauti ya chini, "Wakitaka kuukata mkono, usikubali mpaka unipigie."

"Nikikupigia utapokea?" nikamuuliza.

Akatazama pembeni. Basi likaondoka, na binti yangu akageuza shingo akamtazama baba yake mpaka tulipokata kona. Machungwa yale hakuyagusa. Kumenya chungwa kunataka mikono miwili, na hakutaka kunisumbua.

Daktari wa mifupa alikuwa mtu wa bara, mwembamba, mwenye sauti ya kumsomea mtoto. Aliitundika ile picha, akamwambia binti yangu ajaribu kugusa kisogo, ajaribu kugusa mgongo, kisha akaketi na kalamu.

"Ilianza lini, mama?"

"Msimu wa ndege."

Ikabidi nimweleze msimu wa ndege ni nini. Alisikiliza vizuri, akaniuliza kuhusu kombeo, akatabasamu, akaandika. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, "Aliwahi kuanguka? Kugongwa? Kuvutwa mkono?"

Nilisikia masikio yanapata moto. Sinia lile, mgeni yule, ile pumzi ndogo, vyote vilikaa mbele yangu juu ya meza ya daktari.

"Hapana," nikasema.

Daktari akamgeukia mtoto. "Ni kweli?"

Binti yangu alikuwa anatazama magoti yake. "Sikuvutwa," akasema.

Aliulizwa mambo matatu, akajibu moja. Nililisikia hilo, na kwa jinsi kalamu ilivyosita, nadhani daktari naye alilisikia. Lakini aliendelea. Akanieleza kwamba duara lile laweza kuwa mambo mbalimbali. Laweza kuwa usaha uliojificha ndani ya mfupa, hata kifua kikuu, kwani ugonjwa ule hukaa na kwenye viungo. Laweza kuwa uvimbe usio na ubaya mkubwa. Na laweza kuwa saratani, ingawa kwa alama alizoziona yeye hakufikiri hivyo. "Lakini kufikiri si kujua," akasema. "Tutapima damu, tutapiga picha nyingine, tutachukua kinyama kidogo kutoka mle ndani kikatazamwe kwa hadubini. Majibu yakija ndiyo tutasema."

Nikamuuliza lile tu nililotaka kujua. "Mkono mtaukata?"

"Sitaki kukuahidi kitu leo," akasema.

Nikaanza kukaa wodini kungoja majibu. Kinyama kilichukuliwa, akafungwa bandeji, na siku zikaanza kufanana. Wodi ya watoto ina kelele, lakini kelele za watu wengine hazikusaidii kitu. Kina mama tulilala chini kwenye mikeka, kila mmoja kando ya kitanda cha mwanawe. Walikuwa watu wa Temeke, wa Kigamboni, wa Mbagala. Saa ya kutazama wagonjwa ikifika, shangazi na mashemeji walimiminika na vyungu vya moto na vicheko. Mimi wa kwetu wapo ng'ambo ya maji. Nikagundua dawa ya saa ile. Nilichukua nguo safi za mwanangu nikaenda bombani kuzifua. Nilizifua kila siku, gauni lile lile, mpaka saa ya wageni iishe, ili nisionekane nimekaa bila mtu. Gauni likapauka kabla ya wakati wake.

Simu za nyumbani zilipopata mtandao ziliniumiza zaidi. Jirani mmoja alinipigia kuuliza, kwa sauti ya msiba, "Wameshaukata?" Kumbe kijiji kizima kilikuwa kimeshaukata mkono wa mwanangu, kimeshamhurumia, na pengine kimeshajadili nani atamuoa. Nilimwambia waukate ulimi wake kwanza, nikazima simu. Kisha nikasikitika, kwa sababu ndiye mtu pekee aliyekuwa amenipigia siku hiyo.

Na kila nilipokaa kwenye mkeka ule nilihesabu jambo moja. Maumivu yalianza na kombeo, sawa. Lakini bega lilikonda baada ya mimi kulivuta. Nilikuwa nimekivunja kitu mle ndani kwa mikono yangu, kikaoza, kikawa duara. Wakiukata mkono, watakuwa wamekata pale nilipoanzia mimi. Sikuwa na wa kumwambia. Mtu pekee niliyezoea kumwambia mambo yangu alikuwa amelala kitandani juu yangu, amegeukia ukutani, na yeye ndiye niliyemfanyia. Tulizungumza kuhusu chai, kuhusu dawa, kuhusu paka aliyeingia wodini. Hilo tulilizunguka kama watu wanaozunguka kisima kisicho na mfuniko.

Majibu yalikuja asubuhi moja, daktari akayaleta mwenyewe. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Siyo saratani," akasema kwanza, kabla ya shikamoo yangu kufika mwisho. Namwombea dua kwa kuanza na hilo.

Kisha akaeleza. Ni uvimbe unaowapata watoto wanaokua, pale pale kwenye kichwa cha mfupa karibu na kiungo, mahali mfupa unapoongezekea urefu. Hausambai mwilini kama saratani, lakini una tabia ya kula mfupa taratibu kutoka ndani. Ukiachwa unaweza kutoboa mpaka kwenye kiungo chenyewe, na hapo bega haliwi bega tena. Watamfungua, watafika pale bila kuharibu sehemu inayokuza mfupa, wataukwangua wote, na tundu watalijaza kwa mfupa watakaouchukua kwenye nyonga yake mwenyewe. Mkono hawaukati. Atakaa ameufunga kwa wiki kadhaa, kisha atafanya mazoezi. Wakati mwingine uvimbe huu hurudi, kwa hiyo atapigwa picha kila baada ya miezi kadhaa, kwa miaka miwili au zaidi.

Nililia mpaka mama wa kitanda cha pili akaja kunishika, akidhani ni habari mbaya. Binti yangu hakulia. Alimuuliza daktari kama nyonga yake itabaki na shimo. Daktari akamwambia mfupa ni kitu chenye kujijaza chenyewe, akamchorea kwenye karatasi. Nilimwona mwanangu anacheka kwa mara ya kwanza tangu madunguni, na si mimi niliyemchekesha.

Siku ya upasuaji walimchukua asubuhi. Nilitembea kando ya kitanda cha magurudumu mpaka kwenye mlango ambao watu kama mimi hawapiti, muuguzi akaniambia, "Mama, ishia hapa." Nikaketi kwenye benchi. Nilisoma kila aya niliyoijua, nikazirudia. Walipomtoa alikuwa amelala, mdomo wazi, bega limefungwa bandeji kubwa na mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Nilihesabu vidole vyake. Vitano.

Kesho yake nilikwenda kufuata dawa kwenye dirisha lenye foleni ndefu, nikachelewa. Niliporudi chakula cha mchana kilikuwa kimeshagawiwa, wali na maharage, na sahani yake imekaa mapajani haijaguswa, imepoa. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima, umelala kando ya sahani.

"Amekataa kula," mama wa kitanda cha pili akaniambia. "Nimemwambia nimlishe, hataki. Nimemwambia kula na huo mwingine, hataki. Ati anakungoja wewe."

"Kula tu, mwanangu," nikasema. "Kula kwa kushoto. Hakuna neno."

"Hapana," akasema. "Nilikuwa nangoja."

Alisema kwa adabu kabisa. Adabu yangu mwenyewe, niliyomfunza kwa mwiko, sasa imekaa kitandani na njaa. Nikanawa mikono, nikammegea matonge madogo, nikamlisha moja moja. Alikula yote.

Jioni ile nilimfuata daktari kwenye ukumbi wa nje ya wodi. "Daktari," nikasema, "siku ya kwanza uliniuliza kama aliwahi kuvutwa mkono. Nilisema hapana. Alivutwa. Mimi ndiye niliyemvuta."

Alisimama. Hakuonyesha mshangao, na wakati ule nilidhani ni mazoea ya kazi.

"Uvimbe huu hauletwi na kuvutwa, mama," akasema. "Wala kombeo, wala chakula, wala jicho la mtu. Ulikuwepo mle ndani kabla hujamvuta. Ulimuumiza, ndiyo, kwa sababu ulivuta pale penye ugonjwa. Lakini ugonjwa hukumpa wewe." Akafungua mdomo kama mtu mwenye neno jingine, akalizuia. "Mwanao umemwambia haya?"

"Bado."

"Mwambie," akasema, akaenda zake.

Sikumwambia. Nilisema nitamwambia tukiruhusiwa. Tuliporuhusiwa nikasema nitamwambia nyumbani. Nyumbani walijaa watu kuja kuutazama mkono uliorudi, wengine wameudhika kidogo kuukuta upo. Kisha yakaja mazoezi. Kila asubuhi alisimama ukutani akipandisha vidole juu kama buibui, nami niliweka alama ya mkaa pale alipofikia. Alama zilipanda. Picha ya kwanza Dar ilionyesha tundu limeanza kuwa jeupe, na ya pili zaidi. Kwa kila mtu mambo yalikuwa yamekwisha. Chekechea nilikuwa nalisha watoto wa watu maandazi, na akitokea wa kushoto nilikuwa nageuza uso nikitazama dirishani. Darasa lilingoja niulize. Sikuuliza.

Mpunga ukatia maziwa tena, tukavuka. Kombeo daktari alilikataza, kwa hiyo binti yangu alipewa debe tupu na fimbo, akipiga kwa mkono wa kushoto, na ndege wakatuogopa kuliko zamani. Dungu lilikuwa lile lile. Siku ya tatu, adhuhuri, nilipakua wali na kambale wa nazi, sikupanga, ndivyo vilivyokuwepo. Tukakaa. Akanyoosha mkono wa kulia, taratibu, ukafika mpaka kwenye sinia bila kutetemeka. Lakini kabla ya kumega tonge alinyanyua macho. Hakunitazama usoni. Alitazama mkono wangu ulipo.

Nikalirudisha tonge langu kwenye sinia.

"Mwanangu," nikasema. "Siku ile, hapa hapa. Nilikuvuta. Halafu nikamdanganya daktari. Nilikuwa naogopa kwamba mimi ndiye..."

"Siyo wewe," akasema. "Hauletwi na kuvutwa."

Yalikuwa maneno ya daktari, neno kwa neno. Nikamuuliza ameyapata wapi.

"Nilimuuliza. Ile asubuhi ya upasuaji, kule ndani, kabla hawajanichoma sindano ya usingizi. Nilimuuliza kama mtu akivutwa na mama yake ndiyo inakuwa hivi. Akasema hapana. Nikamwambia asikwambie kama nimeuliza."

Kwa hiyo daktari alijua. Alisimama pale ukumbini akanisikiliza nikikiri jambo alilokwisha kulisikia kwa mtoto, akalificha kwa sababu mtoto alimwomba. Na mwanangu aliingia mle ndani peke yake, ng'ambo ya mlango nisiopita, na swali lile likiwa jambo la mwisho mdomoni mwake kabla ya kulala. Siku zote zile nilijiona ndiye mpweke wa wodi nzima, nikifua gauni safi bombani. Yeye alikuwa juu kitandani na swali lile lile, na hakuwa na hata bomba la kukimbilia.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza. "Ningepumzika, mwanangu. Tungepumzika wote."

Alikuwa bado hajamega tonge.

"Nilikuwa nakungoja wewe," akasema. "Uniambie."

Ndege walikuwa wameshuka upande wa mikoko, kundi zima. Akalitazama shamba, akanawa vidole ambavyo havikuwa na kitu, akachukua debe lake akateremka ngazi. Nilimwona anavuka majaruba, kichwa chake kinaonekana na kupotea kwenye mpunga, na sauti ya debe ikawa inakwenda mbali. Nikabaki dunguni na sinia mbele yangu, wali unapoa, sikuugusa. Nilikuwa namngoja.